Padre Aliyesoma Majina: Tafakari Kuhusu Kijiji cha Morebath



Juma hili tunawaalika mfuatane nasi hadi kijiji kimoja kidogo cha Uingereza, ambacho hatujapata kukikanyaga wala hatutarajii kukikanyaga. Kinaitwa Morebath. Kipo katika mkoa wa Devon, kusini-magharibi mwa nchi hiyo, pembezoni mwa vilima vya Exmoor, kilomita zipatazo 40 kaskazini mwa mji wa Exeter. Ni nchi ya mvua, malisho na kondoo. Katika karne ya 16 kilikuwa na kaya 33 hivi, yaani watu wachache kuliko wanaohudhuria Misa katika kigango chetu kilicho kidogo kuliko vyote. Hakikutoa mfalme wala askofu, na hakuna vita kuu iliyopiganwa humo. Hata hivyo, habari za watu wake zinajulikana kuliko za vijiji vingi vya zama zile, kwa sababu moja tu: padre wao aliandika mahesabu.

Aliyetufikisha huko ni Eamon Duffy, mwanahistoria Mkatoliki wa Chuo Kikuu cha Cambridge, kwa kitabu chake kiitwacho The Voices of Morebath, kilichochapishwa mwaka 2001. Tuliazimwa na padre mwenzetu, tukakisoma usiku baada ya usiku wakati wa masika, mvua ikipiga bati. Tunakiri kwamba hatukukisoma kwa kutafuta elimu tu. Kulikuwa na swali lililokuwa likituwasha moyoni, nasi ni afadhali tuanze na swali hilo.

Ilikuwa Dominika ya kusoma mapato na matumizi ya parokia. Tulisoma haraka haraka, kama ilivyokuwa desturi yetu, maana jua lilikuwa limepanda na watoto walikuwa wameanza kulia: jumuiya hii imetoa kiasi hiki, jumuiya ile bado inadaiwa. Baada ya Misa akaja sakristiani bibi mmoja, mjane.

"Shikamoo, Bibi," tukamwamkia.

"Marahaba, Baba. Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina."

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kwa sauti ya chini, bila hasira: "Baba, hivi mimi mwaka huu sikuchangia?"

Tukafungua daftari. Jina lake halikuwamo. Ndipo tukakumbuka, kwa aibu, kwamba wakati wa kujenga kanisa la kigango bibi huyu alileta debe la maharage kwa ajili ya mafundi, amelibeba kichwani mwenyewe. Maharage yaliliwa na kuta zikapanda, lakini daftari letu lilikuwa na safu ya fedha taslimu peke yake.

"Umechangia, Bibi," tukamwambia, "tena sana."

"Basi mbona sikusikia?"

Akajifunga khanga yake vizuri, akaaga, akaenda zake. Tulibaki na daftari mkononi. Usiku ule ndipo tulipoanza kukisoma kitabu cha Morebath.

Padre wa kijiji hicho aliitwa Christopher Trychay. Alifika mwaka 1520, akafia humo mwaka 1574 akiwa bado mchungaji wao. Miaka 54 katika parokia moja! Sisi tumehamishwa mara nne katika miaka 15 ya upadre, na kila tulipohama tuliacha nyuma yetu watu ambao majina yao tulikuwa ndiyo kwanza tunaanza kuyakariri. Trychay aliwabatiza watoto, akawafungisha ndoa, akawabatiza watoto wao, akawazika. Na karibu kila mwaka, kwa mkono wake mwenyewe, aliandika mahesabu ya kanisa, akasimama mbele ya watu wake na kuyasoma kwa sauti.

Wapendwa, msidhani mahesabu hayo ni orodha kavu ya namba. Kanisa la Morebath, lililowekwa chini ya usimamizi wa Mtakatifu George, halikuwa na mfuko mmoja, bali mifuko mingi. Kulikuwa na mfuko wa Mtakatifu George, mfuko wa Bikira Maria, mfuko wa Yesu, mfuko wa Mtakatifu Sidwell, na mingine. Vijana wa kiume walikuwa na mfuko wao, na wasichana vilevile. Kila mfuko ulikuwa na wasimamizi wake, na kazi yake kubwa ilikuwa kuhakikisha mishumaa inawaka mbele ya sanamu na altare. Wanawake nao waliweza kuwa wasimamizi wa kanisa zima, jambo ambalo wengine hudhani limeanza juzi.

Fedha zilitoka wapi? Zilitoka kwa kondoo. Watakatifu walikuwa na kondoo wao, lakini kondoo hao hawakuwekwa katika zizi moja. Walitawanywa kwa wanakijiji: huyu anamtunza kondoo wa Bikira Maria pamoja na wake, yule anamtunza wa Mtakatifu Sidwell. Sufu ikakatwa, ikapimwa, ikauzwa, na padre akaandika. Kondoo akizaa, aliandika. Kondoo akifa, aliandika pia, pamoja na kwa nani alikofia. Kwa njia hiyo mali ya kanisa ililala katika mazizi ya watu, na hata maskini aliyefuga wachache aliweza kusema kwamba katika zizi lake mna mgeni wa heshima. Kuna hata aliyeacha kwa wosia nyuki wake, ili taa iendelee kuwaka kanisani.

Zaidi ya hayo kulikuwa na pombe ya kanisa. Tunaomba wanachama wa vyama vya kujinyima wasishtuke. Palikuwa na nyumba ya kanisa ambamo pombe ilipikwa, watu wakaalikwa, hata kutoka vijiji jirani, wakanywa, wakala, wakacheka, na faida ikaingia katika mfuko. Kanisa lilijengwa kwa sufu na kwa furaha.

Trychay alikuwa na ibada ya pekee kwa Mtakatifu Sidwell, bikira na shahidi wa Exeter, ambaye mapokeo husema aliuawa kwa miundu ya wavunaji. Alileta sanamu yake kanisani mara baada ya kufika, na watu wakampenda mtakatifu huyo mpya hata wakamtengenezea kiatu cha fedha. Mwaka 1534 mwizi aliingia kanisani usiku, akaiba kalisi pamoja na kiatu hicho. Wapendwa, fikirini msiba huo kwa kijiji cha kaya 33: kalisi moja ni jasho la miaka. Lakini vijana wa kiume na wasichana walikusanyika, wakachangishana wao kwa wao, wakanunua kalisi nyingine bila kuitoza parokia hata peni moja. Padre aliandika jambo hilo, naye hakulificha fahari lake.

Wasidhani wasomaji wetu kwamba Morebath ilikuwa paradiso. Waligombana. Waligombana kwa miaka mingi juu ya mshahara wa karani wa kanisa, nani alipe na kiasi gani, na wapo waliokataa katakata. Trychay hakupenda kushinda kwa kura za wengi. Alitaka wakubaliane wote, na alirudi kwenye shauri lile tena na tena hadi wapatane. Tuliposoma hayo tulitabasamu peke yetu chumbani, tukikumbuka vikao vya Halmashauri ya Walei ambavyo tulivifunga mapema kwa sababu tulikuwa tumechoka kusikiliza.

Halafu ikaja dhoruba. Mfalme Henry wa Nane alijitenga na Baba Mtakatifu, na mwaka 1538 amri yake ikazima mishumaa iliyowaka mbele ya sanamu za watakatifu. Amri hiyo, huko mjini ilikotoka, ilionekana jambo dogo la mishumaa. Kijijini ilikuwa kitu kingine, kwa kuwa mfuko wa wasichana uliishi kwa ajili ya mshumaa. Mshumaa ukizimwa, mfuko hauna kazi. Mfuko ukikosa kazi, wasichana hawana sababu ya kukutana, kuchagua wasimamizi wao na kusomewa mahesabu yao mbele ya watu. Chini ya Edward wa Sita, aliyerithi ufalme mwaka 1547 akiwa mtoto wa miaka 9, sanamu ziliondolewa, pombe ya kanisa ikapigwa marufuku, na kondoo wa watakatifu wakauzwa. Kanisa lililokuwa na kitu katika karibu kila zizi likabaki maskini kabisa.

Kuna jambo moja ambalo lilitutoa machozi. Kwa takriban miaka 20 Trychay alikuwa akikusanya fedha kidogo kidogo, kutokana na zawadi na wosia wa waumini, ili kanisa lipate mavazi meusi ya Misa za wafu. Alitaka maskini wa Morebath wazikwe kwa heshima. Mavazi hayo yalipatikana mwaka 1547. Mwaka huohuo ndio mfalme mtoto alioanza kutawala, na ndani ya muda mfupi Misa ya kuwaombea marehemu ikapigwa marufuku nchini kote. Miaka 20 ya kuweka akiba, kwa ajili ya vazi ambalo karibu mara moja likawa kosa kulivaa!

Mwaka 1549 Misa ya Kilatini ilifutwa, na kitabu kipya cha sala kwa Kiingereza kikaamriwa kutumika kuanzia Pentekoste. Watu wa Devon na Cornwall waliinuka. Wakaweka kambi nje ya Exeter, wakauzingira mji kwa majuma matano. Katika mahesabu ya Morebath, miongoni mwa matumizi ya kawaida, yamo malipo ya kijiji kwa vijana watano waliokwenda kambini: William Hurley, Thomas Borrage mdogo, John Timewell, Christopher Morsse na Robert Zaer. Kijiji kiliwapa silaha na fedha za njiani. Padre aliandika majina yao kama alivyoandika ya kondoo, ya nyuki na ya kalisi. Jeshi la mfalme liliwavunja waasi hao mwezi Agosti, na maelfu wakauawa. Padre wa Mtakatifu Thomas, parokia iliyo jirani na mji wa Exeter, alinyongwa juu ya mnara wa kanisa lake mwenyewe, akiwa amevikwa mavazi ya Misa.

Trychay hakunyongwa. Alibaki. Alinunua kitabu kipya kama alivyoamriwa na kukitumia. Alipotawala Malkia Mary kuanzia mwaka 1553, imani ya kale ikarudishwa, na hapo kikatokea kitu cha ajabu: wanakijiji wakaanza kuleta kanisani vitu walivyokuwa wamevificha majumbani kwa miaka. Huyu alileta sanamu, yule vitabu, mwingine sehemu ya mapambo ya altare. Padre aliandika kila kitu na nyumba kilikotoka, akawasifu kwamba wametenda kama Wakatoliki wema. Alipotazama nyuma, aliwataja kwa majina wasimamizi wa miaka ya Edward, akianza na mwanamke, Lucy Scely, akasema kwamba katika zamu zao zote kanisa lilizidi kudhoofika. Hakuwalaumu. Aliwataja tu, maana walibeba mzigo katika saa mbaya.

Lakini Mary alifariki mwaka 1558. Chini ya Elizabeth wa Kwanza altare zikavunjwa tena, na safari hii mabadiliko yakadumu. Trychay alibaki tena, miaka mingine 15 na zaidi, akiongoza ibada ambazo hakuzizaliwa nazo, akiandika mahesabu, akiyasoma.

Tulipokuwa seminarini tulifundishwa kuwaenzi Thomas More na John Fisher, waliokatwa vichwa mwaka 1535 kwa kukataa kumtambua mfalme kuwa mkuu wa Kanisa. Tunawaenzi hata leo. Kwa mizani ile, Trychay alituonekania mtu mwoga, aliyegeuka kila upepo ulipogeuka. Tulipofika katikati ya kitabu tulikuwa tumekwisha kumhukumu. Tulipofika mwisho hatukuwa na uhakika tena.

Hatusemi kwamba alifanya vema. Kondoo walibaki na mchungaji wao, lakini malisho yalibadilishwa mbele ya macho yake, na watoto waliozaliwa Morebath baada yake hawakuijua Misa ile aliyoipenda. Hiyo ni hasara kubwa, nasi kama Wakatoliki hatuwezi kuipaka rangi. Pengine alipaswa kusema hapana mahali fulani, na huenda yeye mwenyewe alilijua hilo usiku alipokuwa peke yake. Tunachosema ni kwamba angeondoka, au angekatwa kichwa, watu wa kaya zile 33 wangebaki na nani wa kukumbuka ni kwa nani kondoo wa Bikira Maria alifia, na nani alileta kalisi mpya? Aliamua, au labda alishindwa kuamua vingine, kuwa pamoja na watu hao hao hadi mwisho. Mungu peke yake ndiye ajuaye kiasi cha woga na kiasi cha upendo kilichokuwamo. Tumejichunguza dhamiri zetu, nasi tumeona kwamba katika mambo madogo kuliko hayo, bila upanga wowote shingoni, tumekwisha kunyamaza mahali tulipopaswa kusema.

Mahesabu yake yalichapishwa mwaka 1904, zaidi ya miaka 300 baada ya kifo chake. Kanisa la Mtakatifu George bado lipo, nalo sasa ni la Kanisa la Uingereza. Wanakijiji wale ni mavumbi. Lakini ukifungua ukurasa wowote unamkuta mtu ametajwa: mjane fulani, peni moja, kijana fulani, sufu kiasi fulani. Ndivyo kijiji kile kilivyokuwa kijiji. Kila mtu alikuwa na kitu alichobeba kwa ajili ya wote, na kila mwaka alisikia kwa masikio yake kwamba mzigo wake umeonekana. Bwana wetu naye, pale hekaluni, alikaa akitazama sanduku la sadaka, akaziona sarafu mbili za mjane zilizowapita macho wengine wote.

Tulikusudia kumwendea bibi yetu na kumwambia hayo. Tulikusudia, wapendwa, na siku zikapita, kwa kuwa kulikuwa na semina, na gari bovu, na mitihani ya kipaimara. Bibi akaugua wakati wa Kwaresima. Tulimpelekea Mpako wa Wagonjwa, lakini alikuwa hasemi tena. Tulimzika siku ya Jumatano, mvua ikinyesha, na wengi wa waliobeba jeneza walikuwa mafundi waliokula maharage yake.

Dominika ya mahesabu iliyofuata tulisoma polepole. Tulikuwa tumechora safu mpya katika daftari. Tulisoma fedha, kisha tukasoma mengine: mzigo wa kuni, mkungu wa ndizi, siku tatu za kuchota maji ya kukorogea saruji, kuku mmoja. Tukafika kwa bibi. Tukasoma jina lake lote, la ubatizo na la ukoo, tukasoma: maharage, debe moja. Kanisa lilikuwa kimya. Katika benchi la nne wajukuu zake walitazamana. Misa ilichelewa kwa nusu saa, na hakuna aliyelalamika.

Tunawaomba basi, ninyi mnaoshika madaftari ya jumuiya ndogondogo, ya vyama vya kitume na ya vikundi vya mazishi, mrudi nyuma kurasa chache na kutazama ni nani hayumo. Wengine bado wako hai, na nyumba zao mnazijua. Nasi, tukihamishwa kesho, tutamwachia mwenzetu ajaye daftari lenye safu mbili, pamoja na ombi kwamba asisome haraka.

Mtuombee, nasi tunawaombea. Raha ya milele umpe, ee Bwana, bibi yetu, pamoja na Christopher Trychay na watu wake wote wa Morebath.

Dominika njema.